Nilimzika Mwokaji Akiwa Bado Anakanda Unga

Nimeshawaambia kwamba mimi ni mtu wa mikosi, na katika wiki zote hizi hakuna msomaji aliyeandika kunipinga.

Kwa anayenikuta leo tu: naitwa Zornitsa, nina miaka ishirini na minne, nina diploma ya usanifu, na ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya matangazo hapa Levishte, mji wetu chini ya milima. Kampuni ni watu watatu na chumba kimoja na nusu juu ya duka la dawa.

Kosa langu la kwanza mnalijua. Niliweka namba ya simu ya daktari wa mifugo kwenye kadi za ukumbi wa harusi, na bibi harusi wa kwanza aliyepiga akaulizwa kama kwato zake zina vidonda. La pili, nilimchorea daktari wa meno jino zuri la kisasa, mji mzima ukaona kitunguu saumu. Akinamama walipanga foleni kliniki wakiwa na vikapu.

Siku hiyo bosi wangu, Veneta, alininyooshea vidole viwili, cha tatu akakiacha kimekunjwa.

"Hiki kikinyooka, Zornitsa, unarudi kiwanda cha soksi."

Kiwandani huko nilikaa mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuitafutia soksi mwenzake. Ukiota usiku unaota soksi, ukiamka unazikuta. Niliapa kwamba nitafanya lolote nisirudi.

Leo ninaungama hilo lolote.

Kwanza mjue tunaishi kwa kazi gani. Wakati wa joto tunatengeneza menyu za mikahawa. Mwaka mzima tunatengeneza marehemu. Kwetu mtu akifa, karatasi yake hubandikwa mlangoni kwake, getini hospitali, kanisani, kituo cha basi, na kwenye mti wowote ulio njiani: picha, jina, maneno mawili ya majonzi, fremu nyeusi. Ikifika arobaini inabandikwa nyingine. Miezi sita, nyingine. Mwaka, nyingine. Kuna watu hawakutulia hata siku moja walipokuwa hai kama wanavyotulia kwenye nguzo zetu za umeme.

Anayezibandika ni Mzee Gencho, mwenzetu wa tatu. Anaendesha mashine ya kuchapa, na ndoo ya gundi ni yake. Karatasi yenye uso wa mtu, nyeusi na nyeupe, ikitoka mashinini, hamuulizi mtu kitu. Anavua aproni, anavaa kofia, anaingia njiani. Miaka thelathini, njia ile ile, nguzo zile zile.

Basi Jumatatu akaingia Mzee Dobri.

Dobri ndiye mwokaji wa banitsa, ule mkate wa tabaka tabaka wenye jibini ambao bila huo Levishte haiamki. Alikuwa na maduka matatu, na la nne lilikuwa lifunguliwe Jumamosi saa tano asubuhi. Alitaka tangazo. Veneta alinivuta pembeni, akaninong'oneza akiwa amenibana mkono.

"Tukimpata huyu, atatupa kazi ya maduka yote. Tutakuwa na kazi ya watu hai, Zornitsa. Watu hai! Usiniharibie."

Akaenda zake mji mkuu kwa mambo ya leseni, akaniachia Dobri.

"Unapenda rangi gani, Mzee Dobri?" nikamuuliza.

"Rangi ya nini?"

"Ya tangazo."

"Mkate una rangi gani?"

"Kahawia."

"Basi rangi unaijua. Lakini usiiweke. Rangi ni mambo ya sarakasi."

Nilikaa siku nzima nikachora masuke ya ngano. Masuke, jamani! Unaweza kusikia upepo ukipita. Jumanne nikamwonyesha.

"Hii nini?"

"Ngano, mzee."

"Kwani mimi nauza ngano? Nikitaka kuuza ngano ningenunua trekta."

Nikachora tanuri lenye moto. Akasema watu watadhani duka limeungua. Nikachora banitsa yenyewe, imekatwa, moshi unapanda. Akaitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha.

"Hii ya Minko," akasema.

Minko ni mwokaji wa upande wa pili wa barabara. Hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na mmoja.

"Mzee, hii ni banitsa tu."

"Ya kwangu haikunjwi hivyo. Weka uso wangu. Mteja akiuona uso wangu anajua anakula nini."

Akatoa picha mfukoni. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai, masharubu yamechanwa, kwenye harusi ya binti yake, amekaza macho kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Huna ambayo unatabasamu?"

"Mwokaji anayetabasamu anakupunja uzito. Kesho saa sita mchana nakuja kuichukua. Isipokuwa tayari, naenda mji mkuu kwa wengine."

Jumatano saa tano na nusu nilikuwa sina kitu. Nilikuwa na picha ya mzee mwenye suti, jina, mahali na saa.

Sasa sikilizeni, maana hili sijamwambia hata mama yangu.

Nilifungua faili la marehemu. Bibi mmoja wa mtaa wa sokoni, tulimzika wiki iliyotangulia. Karatasi ilikuwa na ukubwa uleule, nafasi ya picha ipo, nafasi ya jina ipo. Nikamtoa bibi, nikamweka Dobri. Nikautoa msalaba. Nikayafuta majonzi, nikaandika: Jumamosi saa tano asubuhi, duka jipya, mkabala na kanisa, karibuni nyote. Nikajipongeza. Dakika tisa!

Fremu nyeusi sikuitoa.

Sikuisahau, maana anayesahau kitu amewahi kukiona. Mimi fremu ile sikuiona kabisa. Nimeitazama mara mia nne, mpaka machoni pangu imekuwa ndiyo ukingo wa dunia.

Saa sita kamili Dobri akaingia. Akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akatikisa kichwa kushoto na kulia, na kwetu hiyo ni ndiyo, ndiyo kubwa.

"Hii sasa!" akasema. "Hii ina heshima. Umeona kazi ya kusikiliza mteja? Nikiitazama naona kama nimeizoea, kama nimeshaiona mahali."

Akatia saini. Nikampa Gencho achape mia moja. Nikaenda kunywa kahawa, nikijiona mshindi.

Alhamisi asubuhi nilikuta akinamama watatu wamesimama mbele ya duka la dawa, leso machoni.

"Masikini Dobri," alisema wa kwanza. "Juzi tu alinifokea."

"Hata mimi alinifokea," alisema wa pili. "Kwa sababu niligusa mkate kwa vidole. Mtu wa usafi yule!"

"Mimi alinifukuza dukani kabisa," wa tatu akasema, naye akaangua kilio. "Alikuwa na moyo wa dhahabu!"

Nikauliza, "Dobri yupi?"

Wakanionyesha nguzo.

Jamani! Pale alikuwepo mzee wa watu, suti, tai, macho makavu, ndani ya fremu nyeusi, kati ya mwalimu mstaafu wa hesabu na dereva mmoja aliyefika siku yake ya arobaini. Nilisoma maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa wazi kabisa: duka jipya, karibuni nyote. Lakini ni nani husoma karatasi za nguzo? Mtu huona uso, huona fremu, hupiga ishara ya msalaba, hutafuta saa ya mazishi, anapita. Saa wameiona. Kanisa wameliona. Imetosha.

Muuza maua alikuwa amemaliza maua yote. Watu walipita na maua manne manne, sita sita, idadi shufwa, ile tunayowapa wafu. Jirani mmoja alipita na sinia la ngano ya matanga, imechemshwa, sukari juu.

Nilipanda ngazi nne nne.

Veneta alikuwa amesharudi. Karatasi alikuwa nayo mezani. Simu zililia zote mbili, hakuna aliyezipokea. Mzee Gencho alisimama karibu na mashine, kofia mkononi.

"Mkewe ndiye aliyeikuta kwanza," Veneta alisema kwa sauti ya chini, ile mbaya. "Mama Elenka. Ametoka kutupa taka, amemkuta mumewe amebandikwa mlangoni. Amerudi ndani akipiga kelele, amemkuta mezani anakunywa supu. Amempiga na ufagio, akidhani ni mzimu."

"Yuko hai?" akauliza Gencho.

"Alikuwa hai kabla ya ufagio! Gencho, nakuuliza wewe. Kwenye kompyuta nimekuta masuke ya ngano. Fremu hii imetoka wapi?"

Mnielewe hapa. Zamani fremu nyeusi alikuwa akiiweka Gencho kwenye mashine, kwa mkono, moja moja. Tangu masika mimi nimeiweka ndani ya faili, kurahisisha kazi. Veneta hakujua. Alidhani bado ni mkono wa Gencho.

Gencho alizungusha kofia mkononi. Alikuwa akimtazama Veneta kana kwamba anaongea na mtu mwingine.

"Hata kama uliiweka fremu kwa mazoea," Veneta akaendelea, "ukabandika mia moja, hukuona unachobandika? Umekuwa kipofu? Huyu ndiye mteja aliyekuwa atuokoe!"

Mimi nilisimama mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni. Neno lenyewe fupi, herufi nne tu: mimi. Nikakitazama kidole cha tatu cha Veneta. Nikaziona soksi.

Nikafunga mdomo.

"Vaa kofia yako, Gencho," Veneta akasema. "Nenda nyumbani. Dobri akija asikukute hapa."

Akavaa kofia. Alipopita mbele yangu alinigusa bega, kama mtu anayepita kwenye basi, akashuka ngazi. Ndoo yake ya gundi aliiacha.

Hazikupita dakika ishirini, tukasikia mtu anapiga mayowe chini mtaani, kisha wa pili, kisha mlango ukafunguka kwa kishindo. Dobri. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, maana alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye unga. Kwa aliyemwona asubuhi nguzoni, hakuonekana kabisa kama mtu aliyekuja kukanusha.

"Nimekufa lini?" akaunguruma.

"Mzee Dobri, kaa kwanza—" Veneta alianza.

"Sikai! Naulizwa huko nje nimekufa na nini. Mwingine anasema moyo. Mwingine anasema Elenka. Nijibu nini?"

"Tutazitoa zote. Sasa hivi. Mia zote. Tutachapa nyingine zenye rangi, bure kabisa—"

"Nani amekwambia uzitoe?"

 Dobri akakaa. Unga ulimdondoka mabegani ukatengeneza duara sakafuni.

"Asubuhi," akasema, "nilikuwa nyuma ya duka. Nikasikia mlango. Nikachungulia. Minko. Minko yule, ana maua sita mkononi, analia kama mtoto. Nikamwashiria Elenka asimwambie kitu. Anamwambia Elenka: kaka yangu ameondoka, hakukuwa na mikono kama ile katika milima hii yote, mimi namwiga tangu ujana na sijamfikia."

Akajifuta pua, pua ikazidi kuwa nyeupe.

"Miaka thelathini nawalisha watu hawa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mkate wangu mtamu. Ukiwa umeungua, wanakuja foleni kuniambia. Leo nimesikia mara kumi na saba, nimekaa juu ya gunia nyuma ya pazia, nahesabu. Kumi na saba!"

"Kwa hiyo..." Veneta akasema polepole, "hukukasirika?"

"Nimekasirika sana! Lakini msizitoe. Jumamosi saa tano mji mzima utakuja. Minko ameomba azungumze machache. Nataka nimsikie mpaka mwisho. Akimaliza, nafungua mlango wa duka na banitsa ya moto mkononi. Sasa niambieni, nani ametengeneza hii?" Akagonga karatasi kwa kidole, akaacha alama ya unga juu ya tai yake mwenyewe. "Maana katika maisha yangu sijaona tangazo linalofanya kazi hivi. Kila mtu ameliona! Huyo ndiye atakayenifanyia kazi ya maduka yote manne, mwaka mzima. Nani?"

"Ni—" Veneta akaanza.

"Mimi!" nikasema.

Wasomaji wangu, ningeweza kuwadanganya. Ningeweza kuandika kwamba nilimkumbuka Gencho, dhamira ikanichoma, nikasimama kama mtu. Hapana. Nilisikia sifa, nikairukia kama kuku aliyeona punje. Nilishajibu kabla sijajua nimejibu.

Veneta alinigeukia taratibu.

"Wewe?"

"Mimi. Fremu iko kwenye faili, tangu masika. Niliiweka mimi."

"Dakika ishirini zilizopita, huyo 'mimi' alikuwa wapi?"

 Kidole cha tatu kilinyooka chenyewe.

"Ngojeni," Dobri akasema. "Kuna nini hapa?"

Veneta akamweleza. Hakuacha kitu. Alieleza kofia, alieleza ngazi, alieleza hata nilivyosimama mlangoni nimefunga mdomo. Dobri alinitazama kwa macho yale yale ya kwenye picha.

"Gencho Mrefu? Anayebandika?"

"Ndiye."

"Tulikuwa naye jeshini." Akanyanyuka. "Binti, kichwa unacho, uti wa mgongo huna. Mimi nasema mambo mawili. Gencho akiwa hapa, kazi ya maduka yote manne ni yenu. Gencho asipokuwepo, naenda mji mkuu kwa wengine. Hilo la kwanza. La pili: karatasi zangu zisiguswe mpaka Jumamosi. Hata moja. Hata kona ya moja."

Akashuka. Mayowe yakaanza tena mtaani.

Veneta alikuwa bado ameshika vidole vitatu hewani, kana kwamba amesahau kuvishusha.

"Kesho saa mbili asubuhi," akasema. "Nikimkuta Gencho kwenye mashine, utakuta kiti chako. Nisipomkuta, usipande hata ngazi. Nakipigia simu kiwanda cha soksi mwenyewe."

Nilimkuta Gencho kwenye roshani ya ghorofa yake, anachoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi. Alikuwa na ndoo mbili za pilipili nyekundu, kichomeo kinatoa moshi, macho yake mekundu. Nikajiambia ni moshi.

"Kaa, binti. Menya," akasema, akanisukumia bakuli.

Nikamenya. Zilikuwa za moto, zikanichoma vidole, na nilishukuru zinavyonichoma.

"Mzee Gencho, ile fremu—"

"Najua."

"Unajua?"

"Uliiweka kwenye faili tangu masika. Mimi tangu hapo sijaigusa. Veneta alikuwa hayupo. Tuko watu watatu pale, mwanangu. Hesabu yake si ngumu."

"Mbona hukusema?"

Akageuza pilipili kwa koleo.

"Wewe unadhani Gencho hatazami anachobandika. Natazama. Sisomi, natazama uso. Karatasi ilipotoka mashinini nikamwona Dobri. Nikasema, basi, na huyu tena. Tulilala kitanda cha juu na cha chini miaka miwili, mimi chini. Nikachukua ndoo. Mia moja, binti! Kila nguzo niliagana naye. Nilipofika mlangoni kwake sikuweza kugonga. Nikabandika, nikakaa kwenye ngazi zake, nikalia mpaka nikaona aibu."

Akatoa pilipili nyingine kwenye kichomeo.

"Naye alikuwa ndani, anakunywa supu."

Nikataka kucheka. Yeye akaanza kabla yangu, mabega yakamtikisika, machozi yakashuka, sikujua ni ya upande gani.

"Veneta aliponifokea," akasema, "sikuwa namsikia. Nilichosikia ni kwamba Dobri yuko hai. Nilikuwa namshukuru Mungu. Nikasahau kujitetea."

"Rudi, Mzee Gencho. Nimeshawaambia ukweli."

"Umewaambia lini? Kabla sijashuka ngazi au baada?"

"Baada."

"Ulipoona inakufaa?"

Niliinamia bakuli. "Ndiyo."

"Afadhali umelijibu hilo vizuri." Akazima kichomeo. Moshi ukatulia, nikamwona uso wote. "Nitarudi. Nina sharti moja tu. Karatasi zile ukazitoe. Zote, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, leo, jua likiwa bado juu. Utafuata njia yangu, na kila anayelia utamwambia Dobri yuko hai na aliyekosea ni wewe."

Nikaiweka pilipili chini.

"Mzee, hilo haliwezekani. Dobri mwenyewe amekataa. Anataka zikae mpaka Jumamosi, asikie watakavyomsifu. Nikigusa moja tu tumepoteza kazi yote."

"Dobri anajua yuko hai," akasema Gencho. "Wengine hawajui. Kuna bibi pale stesheni amepanda kitandani tangu asubuhi na hataki kula, eti kila mtu wa rika lake anaondoka. Kilio kile nimempelekea mimi, kwa ndoo yangu. Dobri atasifiwa siku nyingine. Zisipotoka leo, sirudi kesho, na usije tena kunimenyea pilipili."

"Na zikitoka?"

"Saa mbili kasoro dakika tano niko kwenye mashine."

Nilishuka ngazi zake nikiwa kama punda aliyefungwa mikokoteni miwili, kila mmoja na njia yake. Nikizitoa, Gencho anarudi na Dobri anaondoka. Nikiziacha, Dobri anabaki na Gencho harudi, na Gencho asiporudi Dobri anaondoka vilevile. Kila upande niliogeukia kulikuwa na soksi.

Nilipita ofisini, nikachukua ndoo yake, nikajaza maji ya moto, nikatafuta kikwangulio. Nikaanza nguzo ya kwanza, mbele ya duka la dawa.

"Unafanya nini, mshenzi wewe?" mama mmoja akanifokea. "Mwili haujapoa unamng'oa!"

"Yuko hai, mama. Nilikosea mimi."

"Nani yuko hai?"

"Mzee Dobri. Ni tangazo la duka. Soma."

Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Kisha akanipiga na mkoba begani, mara mbili, kwa nguvu zote, akaondoka mbio akiimba kwa furaha kwamba amefufuka, amefufuka, kama asubuhi ya Pasaka.

Nguzo ya pili nilitukanwa. Ya tatu nilibusiwa. Ya nne mzee mmoja aliniomba nisimwambie mtu aliyoyasema kumhusu marehemu. Nyumba ya yule bibi wa stesheni nilipanda mwenyewe hadi chumbani, nikamweleza, akakaa kitandani akaniuliza kama banitsa zimebaki. Hapo, wallahi, niliona kama nimekuwa mwepesi. Sikufikiria kidole cha Veneta hata kidogo.

Nilikuwa nimezitoa arobaini na moja nilipofika geti la kanisa. Karatasi ya hapo ilikuwa imeshika vizuri. Nililowesha kona, nikaingiza kikwangulio chini ya tai, nikavuta. Uso wa Dobri ukaanza kuchanika polepole, kuanzia kidevuni.

Mkono ukanishika kiwiko.

Niligeuka. Alikuwa mama mmoja mnene, mrefu, amevaa koti la maua na kitambaa cheusi cha kichwani, amejifunga hadi kwenye nyusi. Nilitaka kuanza wimbo wangu, yuko hai mama, nilikosea mimi. Ndipo nikaona masharubu, na ndani ya masharubu, unga.

"Binti," kitambaa kikanong'ona kwa sauti nzito, vidole vikinibana mpaka ndoo ikaniponyoka, "nani amekupa ruhusa ya kunifufua?"